Ficha ufunguo, taja mbinu

Zitazame herufi hizi kwanza, kabla hujaendelea kusoma:

NAKRI DACWC AAIRA TUAHA JHAHB CYAMA IUUNA

Ni ujumbe wa Kiswahili wenye herufi 35. Nimeufunga kwa kalamu na karatasi, kwa njia ambayo majeshi na majasusi waliitumia mpaka katikati ya karne iliyopita. Nimechora jedwali, nikaandika sentensi yangu mlalo, mstari baada ya mstari, kisha nikazinakili safu wima moja moja kwa mpangilio ninaoujua mimi. Mpangilio huo ndio ufunguo. Hakuna herufi iliyogeuzwa kuwa nyingine. Zimehama tu.

Sasa hesabu. A ziko 11, na irabu zote kwa pamoja ni 17, karibu nusu ya ujumbe mzima. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyo: maneno yake huishia kwa irabu, na A huzipita herufi nyingine kwa mbali. Hata ningenyamaza kuhusu mbinu, hesabu hiyo ingekutonya kwamba herufi ni zilezile. Halafu 35 haigawanyiki ila kwa 5 na 7. Kata vipande vitano vya karatasi, kila kimoja uandike herufi saba kutoka juu kwenda chini: NAKRIDA, CWCAAIR, ATUAHAJ, HAHBCYA, MAIUUNA.

Hapa lugha yenyewe inakushika mkono. Katika Kiswahili sanifu C haikai peke yake, sharti H iifuate. Kipande cha pili kina C nafasi ya kwanza na ya tatu. Kipande chenye H nafasi ya kwanza na ya tatu ni cha nne tu, hakuna kingine. Vibandike pamoja. Hicho cha nne nacho kina C nafasi ya tano, na H iliyoko nafasi ya tano imo katika kipande cha tatu. Vipande vitatu vimeshaungana, na ukivisoma mlalo unapata CHA, WAT, CHU, ABA, ACH, IYA, RAJ. Vimebaki viwili. Ukitanguliza NAKRIDA, mstari wa tatu utaanza na KCHU, jambo ambalo Kiswahili hakilikubali. Tanguliza MAIUUNA, NAKRIDA iende mwisho, kisha soma: mchana wataichukua barua chini ya daraja.

Aliyewahi kufikia pale vipande vinapoanza kusema anajua kwa nini watu hukesha na mambo haya. Hukuambiwa jibu na mtu. Umeliona likijitokeza, na ukishaliona hakuna anayeweza kukushawishi kwamba ni jingine.

Nimeanza na mfano kwa makusudi, kwa sababu nataka kutetea jambo moja ambalo watungaji wengi wa mafumbo ya simbo, yaani maandishi ya siri, hawalikubali. Nilikutajia mbinu. Nilikutajia lugha na idadi ya herufi. Kilichobaki siri ni ufunguo peke yake, na bado ilikubidi ufikiri. Hilo ndilo fumbo la haki. Fumbo linaloficha kila kitu, lugha, mbinu, ufunguo, hata kama kuna ujumbe kweli ndani yake, mara nyingi ni kazi nyepesi kwa aliyelitunga na mateso yasiyofundisha kitu kwa anayelifungua. Yeyote anaweza kutunga kisichofunguka. Tupa herufi hovyo kwenye karatasi, umeshamaliza.

Wazo hili si langu. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, akiandika juu ya simbo za kijeshi, alisema mfumo usidhurike hata ukiangukia mikononi mwa adui, maana siri yake yote inapaswa kukaa ndani ya ufunguo. Yeye alikuwa anawaonya majenerali, lakini kanuni yake inawafaa zaidi watungaji wa mafumbo. Jenerali huficha mbinu kwa sababu watu watakufa. Wewe mtungaji unaficha mbinu kwa sababu gani?

Chama cha American Cryptogram Association, chenye umri wa zaidi ya miaka 90, kimelielewa hili siku nyingi. Katika jarida lake mafumbo mengi huchapishwa yakiwa na jina la aina ya simbo juu yake: hili ni Playfair, linalobadili herufi mbili mbili, hili ni Vigenère, lenye alfabeti nyingi zinazopokezana kwa ufunguo, hili ni la kuhamisha safu. Wanachama hawalalamiki kwamba wamerahisishiwa. Wanajua ugumu wa Playfair haupungui kwa kuitwa Playfair. Majeshi yaliitumia vitani huku vitabu vikiieleza wazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Ujerumani. Chukua ile njia ya kuhamisha safu niliyokuonyesha, kisha uifanye mara mbili, kila mara kwa ufunguo wake. Matokeo yake yanatisha. Mara ya kwanza C na H zilikuwa bado zinakaa mstari mmoja, ndiyo maana vipande viliweza kuungana. Mara ya pili zinatawanyika kabisa, na huna tena vipande viwili vya kulinganisha. Mwaka 1999 Otto Leiberich, aliyewahi kuongoza idara ya serikali ya Ujerumani inayoshughulikia usalama wa mawasiliano, alishauri fumbo la aina hiyo litungwe na kuwekwa hadharani ili watafiti wajipime. Mwaka 2007 mwandishi Klaus Schmeh alilitunga. Mbinu ilijulikana. Lugha, Kiingereza, ilijulikana. Ilijulikana pia kwamba funguo zote mbili ni ndefu, za herufi kati ya 20 na 25, na ujumbe ulikaribia herufi 600. Hakuna kilichofichwa isipokuwa funguo.

Lilidumu miaka sita.

Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta kutoka Israel, George Lasry, alilifungua. Inafaa nieleze alivyofanya, maana hapo ndipo faida ya haki inapoonekana. Njia ya kawaida ya kompyuta katika simbo za mkono inafanana na kupanda mlima gizani. Unaanza na ufunguo wowote, unaubadili kidogo, unapima kama matini inayotoka imekaribia lugha ya binadamu walau kwa unywele mmoja. Ikikaribia, unabaki na badiliko hilo, isipokaribia, unalitupa. Hatua kwa hatua unapanda. Shida ya kuhamisha mara mbili ni kwamba mlima hauna mteremko. Ufunguo mmoja ukiwa sahihi na wa pili ukiwa mbovu, bado unaona takataka tupu, kwa hiyo huwezi kujua kama unapanda au unashuka. Lasry alitafuta kipimo cha kuuhukumu ufunguo mmoja bila kuujua mwenzake, akaigawa kazi mara mbili, na mlima ukapata mteremko. Asingeweza hata kuanza kulifikiria hilo kama angekuwa bado anajiuliza iwapo lile ni fumbo la kuhamisha, la kubadili, au mchanganyiko aliouota mtu usingizini.

Hakuishia hapo. Alisoma mpaka shahada ya uzamivu juu ya ufunguaji wa simbo za kale, katika Chuo Kikuu cha Kassel. Mwaka 2023 yeye, mwanamuziki Mjerumani Norbert Biermann na Mjapani Satoshi Tomokiyo walitangaza kwamba wamesoma barua 57 zilizokuwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, zimeandikwa kwa alama ambazo hakuna aliyejua za nani. Orodha ya maktaba ilizihusisha na mambo ya Italia. Walipoanza kuzifungua, Kiitaliano hakikutoka. Kilitoka Kifaransa, tena cha mwanamke aliyefungwa, anayemtaja mwanawe na uhuru wake, kisha likatokea jina la Walsingham, mkuu wa majasusi wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mwandishi alikuwa Malkia Mary wa Uskoti, na barua hizo za kati ya 1578 na 1584 aliziandika akiwa kifungoni Uingereza, nyingi kwa balozi wa Ufaransa. Karibu 50 kati yake wanahistoria hawakuwahi kuzijua.

Huwa naukumbuka mfano huu kila ninapomsikia mtu akisema mafumbo haya ni mchezo wa watu wenye muda wa kupoteza. Mwanamuziki alisaidia kumrudishia malkia sauti yake baada ya zaidi ya miaka 430. Ustadi huo hujengwa kwa mazoezi, na mazoezi hayajengi kitu yasipokuwa ya haki.

Upande wa pili wa hadithi nao una mifano, tena mingi. Mwishoni mwa 1839 mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe aliwaalika wasomaji wa gazeti la Philadelphia wamtumie simbo, akaahidi kuzifungua. Aliweka sharti: ziwe za kubadili herufi kwa alama, kila herufi na alama yake moja. Wengi walitii, naye akazifungua. Bwana mmoja, G. W. Kulp, alituma fumbo lisilofuata sharti hilo. Poe aliling'ang'ania, kisha akatangaza kwamba ni herufi zilizotupwa hovyo, hazina maana yoyote. Katika miaka ya 1970 Brian Winkel na Mark Lyster walionyesha kwamba kulikuwa na ujumbe wa kweli. Kulp alikuwa ametumia alfabeti nyingi zinazopokezana kwa ufunguo wa maneno, na ndani yake mlikuwa na makosa mengi ya kunakili. Poe alikosea kusema halina maana, lakini simlaumu sana. Aliweka kanuni ya mchezo, mwenzake akacheza mchezo mwingine, tena akiukosea.

Alexander d'Agapeyeff, mwaka 1939, aliweka fumbo la tarakimu mwishoni mwa kitabu cha utangulizi wa simbo, ili msomaji ajipime. Baadaye alikiri kwamba amesahau alivyolifunga. Miaka zaidi ya 80 imepita na watu bado wanakesha nalo. Wanahesabu jozi, wanapanga miraba ya 14 kwa 14, wanajenga programu, na hakuna anayeweza kuwaambia kama mkono wa mtungaji haukuteleza katikati ya kazi. Mimi binafsi sioni fahari yoyote katika umri wa fumbo hilo.

Makosa ya mkono yanastahili kuzungumzwa kuliko yanavyozungumzwa. Mchongo wa Kryptos wa Jim Sanborn, uliosimamishwa mwaka 1990 kwenye makao makuu ya shirika la ujasusi la Marekani, una sehemu nne. Tatu zilifunguliwa kabla karne haijaisha. Kwa miaka mingi mwisho wa sehemu ya pili ulisomwa kwa namna moja, na kila mtu aliridhika kwa sababu maneno yaliyotoka yalikuwa Kiingereza. Mwaka 2006 Sanborn alisema aliiacha herufi moja, X, na kwamba maneno ya kweli pale ni mengine kabisa. Fikiria hilo: kosa la herufi moja lilitoa sentensi inayosomeka lakini si yake. Sehemu ya nne, yenye herufi 97, imewashinda wengi licha ya vidokezo alivyovitoa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2025 watafiti wawili walilikuta jibu lake katika karatasi za msanii zilizohifadhiwa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani. Walilipata kwa kufunua mafaili. Hawakulifungua fumbo.

Mimi nami nimeonja. Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na shindano dogo la mafumbo, na moja lilikuwa na herufi 61 tu bila neno lolote la mwongozo. Nilikaa nalo wiki tatu. Nilijaribu alfabeti zinazopokezana kwa kila urefu wa ufunguo, nikajaribu miraba, nikakata vipande vya karatasi mpaka sakafu ikajaa. Nilipata dalili za ufunguo wa herufi sita katika nusu ya kwanza, na katika nusu ya pili dalili zikapotea kama hazikuwahi kuwapo. Nilijilaumu. Nilifikiri hesabu zangu ni mbovu. Siku ya majibu mtungaji alieleza, kwa furaha kabisa, kwamba alibadili ufunguo katikati ili liwe gumu zaidi. Herufi 30 kwa ufunguo mmoja, 31 kwa mwingine. Hakuna aliyelifungua, na yeye alilihesabu hilo kuwa ushindi.

Ningependa angejua kazi ya mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon. Mwaka 1949 Shannon alionyesha kwamba kila mfumo wa simbo unahitaji urefu fulani wa ujumbe ili jibu liwe moja tu. Chini ya urefu huo majibu yanayosomeka ni mengi, na hakuna hoja inayoweza kuchagua lililo la kweli. Kwa kubadili herufi kwa kawaida katika Kiingereza, mpaka huo uko karibu na herufi 30. Funguo zikiwa nyingi zaidi, mpaka nao unasogea mbali. Ndiyo sababu barua aliyoiandika mtunzi wa muziki Edward Elgar mwaka 1897, yenye alama 87 tu, imekwisha kupewa majibu mengi na hakuna hata moja lililokubalika. Kila anayelileta jibu lake hulazimika kusema hapa Elgar aliruka herufi, pale alifupisha neno, hapa alitania. Ukishajiruhusu hayo matatu, herufi 87 zitasema lolote unalolitaka.

Nimewahi kujibiwa kwamba haki ninayoidai haikuwepo vitani, na kwamba wafunguaji wa kweli hawakutajiwa mbinu. Ni kweli, lakini nusu tu. Wajerumani walipoleta simbo yao ya ADFGX Machi 1918, inayogawa kila herufi vipande viwili kisha ikavihamisha, Georges Painvin wa Ufaransa hakuambiwa na mtu inavyofanya kazi. Alichokuwa nacho ni rundo. Redio zilinasa ujumbe mwingi wa siku moja, wenye ufunguo mmoja, na baadhi ulianza kwa maneno yaleyale kwa sababu makarani wa jeshi ni watu wa mazoea. Akiulinganisha ujumbe na mwenzake, Aprili aliingia ndani. Wajerumani walipoongeza herufi V mwanzoni mwa Juni, aliingia tena baada ya siku chache. Kwa hiyo mtungaji anayetaka kuficha mbinu kama vita ilivyoficha, na aige vita kikamilifu: atupe ujumbe kumi au ishirini wa ufunguo mmoja, wenye salamu zinazojirudia na karani mvivu ndani yake. Fumbo kama hilo ningelipokea kwa mikono miwili. Lina ugumu na lina mlango.

Wengine hunitajia simbo ya alama 340 ya muuaji aliyejiita Zodiac. Ilitumwa kwa gazeti mwaka 1969, mbinu ikifichwa, na bado Desemba 2020 watu watatu kutoka Marekani, Australia na Ubelgiji waliifungua. Naiheshimu sana kazi yao. Walipitisha kwenye programu mipangilio ipatayo 650,000 ya kusoma alama zile, na humo ndani mlikuwa na kosa la mwandishi ambalo ilibidi walirekebishe. Ila iliwachukua watu miaka 51, na aliyeitunga alitaka kuwatesa wafiwa na polisi. Sioni kwa nini tumchukue yeye kuwa mwalimu wetu wa namna ya kutunga.

Kuhusu kompyuta nitasema machache. Kuna wanaoona programu ya kupanda mlima inaua raha, na wengine wanaoona kalamu ni kujitesa. Nimezitumia zote mbili. Anayeanza na kalamu hujua programu inatafuta nini, na inapokwama hujua pa kuisukuma. Kuhesabu herufi alikofundisha msomi al-Kindi kule Baghdad katika karne ya 9 ndiko kuhesabu kulekule kompyuta inakokufanya leo mara milioni moja. Ukikufanya mara moja kwa mkono, hutakusahau.

Ninachomwomba mtungaji si kikubwa. Taja mbinu, au toa ujumbe wa kutosha ili mbinu ijitaje. Taja lugha. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, chukua herufi ulizokwisha kuzifunga, weka pembeni karatasi yako ya kwanza, uzifungue upya kwa ufunguo wako kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukiweza, mpe mtu mwingine ufunguo afanye vivyo hivyo mbali nawe. Inachukua nusu saa. Ingemwokoa Kulp, na ingemwokoa Sanborn na ile X yake.

Mimi nimeshafanya hivyo kwa hili lifuatalo. Ni Kiswahili sanifu, herufi 84, limehamishwa safu mara moja tu kama lile la kwanza. Ufunguo ni neno la herufi saba, hakuna herufi inayojirudia ndani yake, na safu zimesomwa kwa mpangilio wa alfabeti wa herufi hizo. Jedwali limejaa, sikuongeza herufi yoyote ya kuzibia. C ziko nne.

UPHCA UAMAI AAEAH NAKIN NSPDJ ACOME WIWST AMTIR UNMNO MEKBT CAAIH AIAMU AKOYN UEGAH AIMIO HSSCL ZWAR